Kurudufu Jalada na Vyote Vilivyomo

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi wadogo zetu mnaosoma hapa sasa:

Barua ya kuniarifu kwamba safari hii ni zamu yangu ilinitaka nieleze "kazi ya kompyuta serikalini". Jambo hilo ni pana mno, na harufu ya pilau imekwisha kutufikia, kwa hiyo nimechagua pembe moja tu ndogo: namna ya kurudufu kumbukumbu iliyomo ndani ya kompyuta pamoja na kumbukumbu nyingine zilizofungamana nayo. Naona wengine mmeanza kutazama dirishani. Nivumilieni, maana pembe hii ndogo iliwahi kumpatia mtu asiye na hatia barua ya kutakiwa kujieleza, na kosa lilikuwa langu mimi.

Wa rika langu wanaikumbuka mashine ya kurudufu iliyokaa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi. Stensili ilikatwa kwa taipureta, ikapakwa wino, mkono ukazungushwa, na karatasi zikatoka moja moja zikinuka. Mtihani wa Jiografia ukitolewa nakala mia moja na ishirini, zote zilikuwa sawa, na kila moja ilijitegemea. Ukiichana ya kwako, ya jirani haikuchanika. Niliondoka hapa nikiamini kwamba maana ya kurudufu ndiyo hiyo. Nikaenda Chuo Kikuu, nikasomea kompyuta, nikaajiriwa, na imani yangu hiyo nikaenda nayo. Ndiyo iliyoniponza.

Kwanza niwaeleze vijana jinsi kumbukumbu zinavyokaa. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, aliandika makala akapendekeza kwamba taarifa ziwekwe katika majedwali, na kwamba jedwali moja lifungamane na jingine kwa yale yaliyoandikwa ndani ya mistari yenyewe, si kwa njia za kufichika za mashine. Kanzidata nyingi mtakazokutana nazo katika maofisi, mabenki na mahospitali zimejengwa juu ya wazo hilo.

Chukueni mfano wa shule yetu. Tuseme kuna jedwali la mabweni na jedwali la wanafunzi. Kila bweni lina namba yake, na kila mwanafunzi ana namba yake. Tunajuaje kwamba fulani analala bweni namba 3? Watu wengi hudhani kwamba bweni limewekewa orodha ya wanafunzi wake. La hasha. Bweni halina orodha yoyote. Mwanafunzi ndiye anayebeba, katika mstari wake mwenyewe, ile namba 3. Ukitaka orodha ya bweni, unaamuru wote wenye namba 3 wajitokeze. Mtoto ndiye anayemjua baba. Baba hana habari za watoto. Naomba mlishike hilo, maana mengi nitakayosema yanatoka hapo.

Mwaka 2016 nilikuwa katika ofisi ambayo sitaitaja, nikiwa na dhamana ya programu ya mipango, ile ambayo watumishi huifungua kwa kivinjari kama wafunguavyo tovuti yoyote. Nilikuwa nimeijenga kwa Rails, zana ya kujengea programu za wavuti iliyotolewa mwaka 2004 na David Heinemeier Hansson wa Denmark. Ndani yake kulikuwa na mpango kazi wa mwaka. Mpango ulikuwa na malengo. Kila lengo lilikuwa na shughuli zake. Kila shughuli ilikuwa na kasma zake, yaani ile mistari ya fedha: dizeli, posho ya safari, vifaa vya kuandikia. Ni baba, watoto, wajukuu na vitukuu.

Mipango ya namna hii haibadiliki sana kutoka mwaka hadi mwaka. Karani wa mipango alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye miaka mingi kazini, na kila msimu wa bajeti alikuwa akiuandika mpango upya tangu mwanzo, kasma kwa kasma, mpaka usiku. Siku moja akaniita.

"Mwanangu," akasema, "hiyo mashine yenu haiwezi kuutoa mpango wa mwaka huu ukawa wa mwakani, mimi nikabadili tarakimu tu?"

"Hiyo ni kazi ya nusu saa, Mama," nikamjibu.

Vijana, mtaalamu wa kompyuta akiwaambia jambo fulani ni la nusu saa, mwulizeni ni nusu saa ya nchi gani.

Rails ina amri iitwayo dup. Ukiipa mstari mmoja, inakurudishia mstari mpya wenye maneno yaleyale lakini usio na namba. Ukiuhifadhi, unapewa namba yake mpya na tarehe yake mpya. (Ipo na nyingine iitwayo clone, ambayo hutoa kitu kinachotumia maelezo yaleyale ya kile cha kwanza, hata ukikigusa kimoja cha pili nacho kimeguswa. Kabla ya toleo la 3.1 la mwaka 2011 amri hizi hazikuwa na maana zilizo nazo sasa, kwa hiyo mwenye kitabu cha zamani ajihadhari.) Nikaweka kitufe, nikakibonyeza. Mpango mpya ukatokea, jina limekaa vizuri juu, ndani mtupu. Lilikuwa jalada jipya kutoka masijala lisilo na karatasi hata moja.

Kompyuta haikuwa imekosea. Niliiambia irudufu mstari mmoja, ikarudufu mstari mmoja, na kama nilivyowaambia, mstari wa baba haubebi watoto. Wanaotumia Django hukuta hali hiyohiyo wakiondoa namba ya mstari na kuuhifadhi tena. Wanaotumia Laravel wana amri ya replicate, nayo ukiihifadhi unapata mstari mmoja tu.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Rails humrahisishia mjenzi mambo: ukiandika "malengo ya mpango", inakuletea malengo kana kwamba mpango unayo orodha mkononi. Nikaandika mstari mmoja mfupi, ambao kwa maneno ya kawaida ulisema: malengo ya mpango mpya yawe ndiyo malengo ya mpango wa zamani. Nikabonyeza. Mpango mpya ukafunguka umejaa tele, malengo yote, shughuli zote, kasma zote hadi ya mwisho. Nikampigia Mama simu kwamba kitufe kiko tayari. Mpango wa zamani sikuufungua kuutazama.

Mlioushika mfano wa bweni mmekwisha kuona. Mwanafunzi ana nafasi moja tu ya kuandika namba ya bweni. Ukimwandikia 7, ile 3 imefutika. Nilidhani nimewapa bweni jipya wanafunzi, kumbe nimewahamisha wote, na bweni la zamani limebaki vitanda vitupu. Malengo yaliandikwa namba ya mpango mpya. Shughuli, kwa kuwa zinabeba namba za malengo, zikafuata bila hata kuguswa, na kasma zikafuata shughuli. Wala hakuna kengele iliyolia, kwa sababu mbele ya kanzidata hakuna kosa lolote: kila mtoto anaye baba, na baba huyo yupo.

Mama akabonyeza siku ya Jumatatu asubuhi. Kwa siku tatu wakuu wa vitengo wakaufungua ule mpango mpya, wakaanza kubadilisha tarakimu za mwaka ujao. Tarakimu walizokuwa wakizibadilisha zilikuwa ndizo zenyewe za mwaka uliokuwa ukiendelea, maana hapakuwa na nyingine. Alhamisi, watu wa uhasibu walitaka kulipia safari ya kukagua miradi. Gari lilikuwa limejazwa mafuta na mizigo imefungwa. Wakafungua mpango wa mwaka ule watafute shughuli ya kulipia, wakakuta hakuna shughuli, hakuna lengo, hakuna kitu. Safari ikavunjwa.

Kompyuta huandika nani amefanya nini na saa ngapi. Iliandika jina la Mama. Ijumaa asubuhi akapewa barua ya kutakiwa aeleze kwa maandishi, katika muda wa siku saba, kwa nini amefuta mpango wa ofisi.

Ndugu Mwenyekiti, hapa nitasema taratibu. Nilijua tangu Alhamisi usiku. Nilikuwa nimefungua kanzidata nyumbani na nikaiona ile namba mpya katika kila mstari wa malengo. Ijumaa saa 3 asubuhi tulikuwa na kikao, Mama akaulizwa mbele ya watu alibonyeza nini, akasema alibonyeza kitufe alichopewa, watu wawili watatu wakacheka, nami nilikuwepo, nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka saa 7 mchana. Ndipo nilipokwenda kwa mkuu wa idara, nikamwambia kwamba kitufe ni changu na kosa ni langu, na kwamba yule mama alifanya hasa kile nilichomwelekeza. Barua yake ikaondolewa katika jalada lake, na mimi nikaandika ya kwangu, kurasa mbili. Yale masaa manne hayamo katika barua hiyo.

Kurekebisha hakukuwa jambo jepesi. Isingetosha kuwarudishia watoto namba ya baba yao wa kwanza, kwa sababu walikuwa wamekwisha kubadilishwa tarakimu. Wala nisingeweza kuirudisha kanzidata nzima kama ilivyokuwa Jumapili, maana katika siku hizo kulikuwa na kazi nyingine halali zilizoandikwa humo. Nilichukua nakala ya akiba ya usiku wa Jumapili, nikaifungua pembeni, nikatoa humo mistari ya mpango ule tu, na kuirejesha jedwali baada ya jedwali. Jumamosi na Jumapili ziliishia hapo. Bila ile nakala ya akiba nisingekuwa nimesimama hapa nikijiita mtaalamu.

Wiki iliyofuata nikaanza upya, safari hii katika kanzidata ya majaribio. Njia iliyo sawa ni kushuka ngazi kwa ngazi. Unamrudufu baba kwanza, unamhifadhi, anapata namba. Kisha unamrudufu kila mtoto, yaani unatengeneza mstari mpya kabisa, na katika nafasi ya namba ya baba unaandika namba ya baba mpya. Kisha wajukuu vivyo hivyo, kila mmoja akiandikiwa namba ya mzazi wake mpya. Wa zamani haguswi hata nukta. Nikaiagiza programu irudufu kila kilichofungamana na mpango, kisisalie kitu. Ikakubali. Nikafungua mpango wa zamani kwanza, nikaukuta salama. Nikafungua mpya, nikaukuta kamili. Kwa kuwa nilikuwa nimepata adabu, nikamwita Mama aje autazame kabla sijasema umekwisha.

Akavaa miwani, akasogea kwenye kioo, akasoma kimya. Kisha akaweka kidole mahali fulani.

"Huyu bwana si alihamishwa tangu Septemba?"

"Ndiyo, Mama, alihamishwa."

"Sasa amesainije mpango wa mwakani?"

Nilikuwa nimerudufu na idhini. Mpango ambao haujajadiliwa na mtu yeyote ulikuwa umezaliwa ukiwa na sahihi mbili na tarehe zake, na neno "Umeidhinishwa" kwa rangi ya kijani. Kama Mama asingeuona, ungeweza kuanza kulipiwa. Kosa la kwanza liliacha jalada tupu, na jalada tupu hujulikana siku tatu baadaye. Hili la pili, nadhani, lingeweza kukaa mwaka mzima.

Basi nikachapa orodha ya majedwali yote, nikampa Mama na penseli. Nilimwuliza swali moja tu: "Ukifungua jalada jipya la mwaka, karatasi ipi unaiandika upya, ipi unaielekeza kule ilipo, na ipi unaiacha katika jalada la zamani?" Alimaliza kabla chai haijapoa. Malengo, shughuli na kasma zinakwenda, maana ni mali ya mpango wenyewe, na mpango mpya lazima uwe na zake. Orodha ya namba za kasma za serikali, orodha ya vitengo na orodha ya watumishi hazirudufiwi. Ni za wote, mpango mpya unazielekea tu. Idhini, maoni ya wakaguzi na kumbukumbu za malipo zinabaki, kwa kuwa ni historia ya jambo lililokwisha tendeka. Mimi mwenye shahada nilikuwa nimehangaika na jambo hilo kwa majuma mawili, nikiitafuta ndani ya mashine hukumu ambayo mashine haina. Kanzidata hujua kwamba idhini imefungamana na mpango kama vile lengo lilivyofungamana nao. Haijui kwamba kimoja ni kiungo cha mwili na kingine ni alama ya kidole cha mtu.

Kuna la katikati ambalo Mama alilichorea duara. Shughuli moja inaweza kuwa na watumishi watatu wanaohusika, na mtumishi mmoja akawa na shughuli kumi. Uhusiano wa namna hiyo hukaa katika jedwali la tatu, ambalo kila mstari wake husema tu "shughuli hii, mtumishi huyu". Vijana, mwalimu wenu wa Hisabati anafundisha mikondo minne. Mkifungua mkondo wa tano, hazaliwi mwalimu wa Hisabati wa pili, ingawa najua wapo ambao wangeomba azaliwe mpole zaidi. Unaandikwa mstari mmoja tu katika ratiba. Kadhalika kwetu: mtumishi harudufiwi, unarudufiwa ule mstari wa kati, ukiandikiwa namba ya shughuli mpya na namba ileile ya mtumishi.

Kwa wale wanaotumia Rails, zipo programu ndogo zilizotengenezwa tayari kwa kazi hii, kama deep_cloneable na amoeba. Ya kwanza husubiri uitajie uhusiano wa kubeba. Ya pili ukiiwasha tu, bila kuichagulia, hubeba watoto wote mpaka uiambie vinginevyo. Mimi nimekuwa mtu wa kutaja. Ukisema "beba vyote isipokuwa idhini", siku mwenzako atakapoongeza jedwali jipya, tuseme la hati za malipo, litabebwa kimyakimya bila mtu kuamua. Ukitaja vya kubeba, jedwali jipya litasahauliwa, na mtumiaji atakuja kulalamika kwamba kitu fulani kimekosekana. Napenda kulalamikiwa kuliko kutolalamikiwa.

Jambo lililonisumbua zaidi kiufundi lilikuwa kasma zenye wazazi wawili. Kila kasma ilikuwa chini ya shughuli, na vilevile chini ya robo ya mwaka. Na robo zile nazo zilikuwa watoto wa mpango. Nikishuka kwa njia ya malengo, kasma mpya ilipata shughuli mpya lakini ikaendelea kubeba namba ya robo ya mpango wa zamani, mguu mmoja huku na mmoja kule. Nikishuka kwa njia zote mbili, kila kasma ilirudufiwa mara mbili, na fedha zote zikaonekana maradufu. Dawa yake ni daftari. Kila unaporudufu mstari unaandika: namba ya zamani hii, namba mpya hii. Kabla ya kurudufu wowote unatazama daftari. Ukikuta umekwisha kurudufiwa, huurudufu tena, unachukua namba yake mpya. Ile deep_cloneable inaweza kukushikia daftari hilo ukiiomba, lakini mimi nililiandika mwenyewe mara ya kwanza, na nashauri kila mwanafunzi alijaribu kwa penseli na karatasi kabla ya kugusa kompyuta.

Mengine nayapitia haraka. Kazi yote ifungwe katika fungu moja, ikamilike yote au isiwepo kabisa, maana umeme ukikatika katikati hutaki nusu ya mpango. Kitu ambacho hakiruhusiwi kufanana, kama namba ya kumbukumbu ya mpango, kitolewe kipya, la sivyo kanzidata itakataa, na itakuwa na haki. Tazameni pia kama programu ina mazoea ya kutuma ujumbe kila kitu kipya kinapoandikwa. Yetu ilikuwa inamtumia mtumishi ujumbe wa simu kwa kila shughuli mpya aliyopangiwa, na nashukuru kwamba hilo lilijitokeza kwenye majaribio. Na viambatisho: mara nyingi mstari hubeba jina la faili tu, faili lenyewe liko kwingine. Ukirudufu mstari, majalada mawili yanaielekea barua moja, na atakayeifuta katika moja ameifuta katika yote mawili.

Mama alistaafu mwaka 2021. Kazi yake imechukuliwa na kijana mmoja aliyefundishwa naye kwa miezi kadhaa. Mwaka jana nilipita ofisini kwao wakati wa bajeti, nikamkuta anakibonyeza kile kitufe. Kilipomaliza, hakuufungua mpango mpya. Alifungua wa zamani, akahesabu malengo kwa kidole, moja moja, kisha kasma za kila lengo. Nikamwambia hana haja ya kujisumbua, siku hizi programu inafanya hesabu hiyo yenyewe kabla na baada, na zisipolingana inagoma.

"Najua, mzee," akasema, "lakini Mama aliniambia nisikuamini."